Nilivyokwenda Ifakara Kumtetea Mke wa Marehemu Damiani

Mimi si mtu wa safari. Tangu nizaliwe nimekaa hapa Kimamba penye mashamba ya mkonge, nawapikia manamba uji na vitumbua, na mji wa mbali niliowahi kuufikia ulikuwa Kilosa tu, nao niliufuata kwa sababu ya jino. Lakini masika ile, utingo wa lori la mpunga alishuka mbele ya jiko langu, hakuagiza hata kitumbua, akasema, "Mama Paskalina, binti yako anakuita Ifakara. Mumewe Damiani amefariki, na keshokutwa kuna kesi. Na mdogo wake Damiani amekwenda barazani kusema kwamba Paskalina hakuwa mke."

"Kama hakuwa mke, alikuwa nani?"

Utingo akatazama chini. "Anasema alikuwa mwanamke wa kuokotwa kambini, mama. Samahani, mimi nimetumwa tu."

Loo! Mwiko ulinitoka mkononi ukaangukia uji wa watu. Mwanangu aokotwe? Damiani alikuwa Mndamba wa bonde la Kilombero, alikuja kwetu kukata mkonge, akamwona binti yangu akiuza vitumbua, akamtuma mshenga kwa adabu zote. Majembe yaliletwa, vitambaa vililetwa, kaka yangu akavipokea kama mjomba apokeavyo, pombe ikanywewa mpaka majirani wakagombana. Padri ndiye hakuwafungisha, maana mafundisho ya dini yalikuwa hayajaisha na mkataba wa Damiani ulikuwa umekwisha. Akamchukua mkewe akaenda naye kwao. Sasa yule mshenga kahamia mashamba ya upande wa Tanga, hajulikani aliko, na kaka yangu yuko kaburini. Kwa upande wetu, aliyebaki kusimama shahidi wa ndoa ile nilikuwa mimi.

Baraza likisema Paskalina hakuwa mke, angetolewa katika nyumba na katika shamba la mpunga kando ya mto, na watoto wake wangeitwa watoto wa nje maisha yao yote. Hilo la watoto ndilo lililonikereketa. Jirani yangu Mwamvua, ambaye ulimi wake hauna mlango, aliniambia, "Wewe una wazimu. Kwetu Uluguru, kama kwenu, mtoto ni wa ukoo wa mama hata baba angekuwa mfalme. Mwanao akishindwa kesi, si atarudi kwako na wajukuu? Unakwenda kutetea hasara yako mwenyewe?"

Nilimjibu kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nikafunga kanga zangu. Lakini sitaficha, maneno yake yalipanda lori pamoja nami.

Tuliondoka alfajiri, mimi juu ya magunia matupu pamoja na wachuuzi wa samaki wakavu, na njia nzima mpaka Mikumi nilikuwa nikitunga hotuba yangu ya barazani. Ilikuwa hotuba kali. Ilianza na ukoo wetu, ikapita kwenye yale majembe, ikaishia kwa kumwita yule shemeji mtu mla maiti. Niliisema kwa sauti ili nisiisahau. Mchuuzi mmoja akaniambia, "Mama, hayo ya mwisho ukiyasema, hakimu atakufunga wewe."

"Anifunge! Na manamba atawapikia nani?"

Wakacheka, lakini mimi sikucheka.

Tulipovuka Mto Ruaha pale Kidatu, hotuba ilinitoka kichwani. Upande wa kulia milima ya Udzungwa ilisimama imevaa msitu tangu miguuni hadi kichwani, na maporomoko ya maji yakining'inia katikati ya msitu ule, meupe, mbali, bila sauti. Upande wa kushoto nchi ilikuwa tambarare mpaka macho yanachoka. Mimi niliyezoea mistari ya mkonge, mmoja baada ya mwingine, nilikuwa sijaona ardhi iliyoachwa ijipange yenyewe namna hiyo. Nikajikuta nimefanya ishara ya msalaba, na yule mchuuzi, ambaye alikuwa Mwislamu, akasema, "Hata sisi tukifika hapa tunamtaja Mungu, mama."

Huko Mkula lori lilizama kwenye tope. Wanaume walisukuma, wakatukanana, wakasukuma tena, mpaka dereva akasema leo basi. Nilipewa pa kulala na mama mmoja Mpogoro aliyekuwa akiuza ndizi za kuchoma kando ya barabara. Alinipa maji ya kunawa miguu, akanisikiliza kisa changu chote bila kunikatiza, jambo ambalo Mwamvua hajawahi kuliweza.

"Siku hizi kesi ya ndoa ni ngumu," akasema. "Hakimu anataka cheti cha padri, au cha shehe, au mashahidi wa mila waliosimama pande zote mbili. Wewe una kipi?"

"Nina mimi."

"Wewe ni mama mzazi. Watasema lazima umtetee mwanao. Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Akageuza ndizi zake kwenye makaa, akafikiri. "Basi una Mungu," akasema, na kunipa ndizi mbili za kula njiani.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliogopa, nasema wazi. Niliogopa kufika, niongee hotuba yangu yote, halafu watu wa mjini wanitazame kama ng'ombe aliyeingia kanisani.

Lori lilitolewa kwenye tope jua likiwa limekwisha kupanda, na tulipoingia Ifakara nilikuwa nimechelewa. Sikuuona mji, nilikimbia. Niliuliza "Baraza wapi? Baraza wapi?" huku tope likinirukia mpaka mgongoni, na watu wakaninyooshea vidole mpaka nikafika kwenye jengo lililoezekwa nyasi, lenye kuta fupi za kufika kiunoni ili upepo upite. Watu walijaa ndani na nje. Hakimu alikaa mezani, karani wake pembeni, na upande wa pili walikaa wazee wa baraza, wale wanaomweleza hakimu desturi za watu wa bonde. Paskalina wangu alikaa chini kwenye mkeka, amefunga kitambaa cheusi cha msiba, amekonda. Na mbele ya meza alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, anasema vizuri kama mwalimu wa dini. Huyo ndiye Gaspari, mdogo wake marehemu.

"Bwana Hakimu," alikuwa akisema, "kaka yangu alichukua mwanamke kambini kama vijana wengi wafanyavyo. Mahari sikuiona. Mshenga sikumwona. Mkwe hatuna. Shamba lile ni la baba yetu, na mwanamke huyu arudi kwao kwa amani na watoto wake."

Karani aliandika. Wazee walikuwa wametazama chini. Mimi nilipita katikati ya watu nikisukuma kwa viwiko, nikaingia mlangoni, na Paskalina akaniona akapiga ukelele, "Mama!"

Gaspari akageuka. Macho yetu yalikutana kwa kadiri ya kupepesa tu. Wenzangu, sijui niseme nini mnielewe. Yule kijana alivuta shati lake jeupe akajifunika uso, akauruka ule ukuta mfupi kama mbuzi aliyeona chui, akaangukia nje kwenye tope, akachuchumaa pale akiwa ametupa mgongo, kichwa katikati ya magoti.

Mimi nilidhani tumbo limemkata. Nikasema, "Maskini, mpelekeni chooni!" Kuna waliocheka. Lakini wazee wa baraza hawakucheka. Mmoja wao, mzee mfupi mwenye sauti nzito, alisimama akaenda mpaka ukutani.

"Gaspari, mwanangu," akasema. "Mama huyu aliyeingia ni nani?"

"Simjui," sauti ikatoka kwenye magoti.

"Humjui. Vizuri. Basi ruka urudi ndani, simama mbele yake, umtazame usoni umwamkie, kama unavyomwamkia mama yeyote uliyekutana naye njiani. Ukifanya hivyo, mimi mwenyewe nitamwambia Bwana Hakimu kwamba kaka yako hakuoa."

Paskalina ndiye aliyeninong'oneza maana yake. Kwa watu wa mto ule, mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake; akimwona njiani huingia majanini akageuza mgongo mpaka apite. Na mama mkwe wa kaka ni mama mkwe wa nyumba nzima. Hufundishwa hivyo wangali wadogo, kabla hawajajua hata kushika kafi. Kwa mwanamke mwingine yeyote hakuna kizuizi.

Gaspari alisimama, mgongo bado kwetu. Na mgongo ule niliutambua! Alikuja kwetu Kimamba kumsindikiza bibi harusi, akala chakula changu siku zote zile nyuma ya jiko, akanipa heshima iliyopita kiasi, wala sikuwahi kuuona uso wake. Nilikuwa nikiwaambia watu Damiani ana ndugu asiye na uso. Sasa alishika ukuta kwa mkono mmoja, akapitisha mguu mmoja ndani. Jasho lilimtiririka shingoni. Akageuka nusu, macho yamefumbwa. Alikuwa na shamba la mpunga mbele yake, shamba zuri kuliko yote upande ule, na bei yake ilikuwa kufungua macho tu. Ndipo nilipofahamu kwamba mtu huyu, aliyesema uongo bila haya mbele ya serikali, alikuwa hawezi kabisa kunitazama.

Mguu ukarudi nje. Akachuchumaa tena.

"Siwezi, baba," akasema, akaanza kulia.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini sijapata kuona mwongo akilia namna ile, na hasira yangu yote niliyoibeba toka Kimamba ikalegea. Hakimu alimwambia karani, "Andika."

"Niandike nini, Bwana Hakimu? Hakujibu swali."

"Andika kwamba amemkimbia mkwewe."

Kisha hakimu akatoa hukumu. Alisema sheria ya serikali imeyaachia mabaraza kama lile yaamue ndoa za namna hii kwa mila ya watu, mradi mila ithibitike na isiwe ya kumwonea mtu. Alisema alikuwa ametafuta cheti hakukiona, ametafuta mashahidi hakuwapata, na sasa shahidi ametokea ambaye ni mpinzani mwenyewe. Paskalina ni mke halali wa marehemu Damiani. Atakaa katika nyumba na kulima shamba, awalee watoto wa Damiani kwa jina la baba yao, na hakuna mtu wa kumrithi yeye kwa nguvu. Asiyeridhika aende Mahenge kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya.

"Nimeridhika," sauti ikatoka nje ya ukuta.

"Na mimi je?" nikauliza. "Nimetoka mbali na maneno yangu."

Hakimu akatabasamu. "Mama, maneno yako yamekwisha kusikika. Ukiongeza utayaharibu."

Basi hotuba yangu kali nimerudi nayo. Anayetaka kuisikia aje jikoni.

Kesho yake asubuhi tuliondoka kwa mtumbwi kwenda nyumbani kwa Paskalina, upande wa kijiji cha Mbingu. Mtumbwi ulikuwa wa Gaspari, hakukuwa na mwingine, na hapo ikazuka kazi. Mwenye kupiga kafi hukaa nyuma, naye akikaa nyuma atakuwa ananitazama. Walijadiliana gatini mpaka jua likawaka. Mwisho Gaspari akakaa mbele kabisa, mgongo kwetu, mimi katikati, na Paskalina akashika kafi nyuma. Hee! Binti yangu ambaye nilimlea penye vumbi la mkonge alikuwa anasukuma maji kama aliyezaliwa ndani yake.

Wenzangu, nimeona maji. Mto ulikuwa umevunja kingo zake, bonde lote likawa ziwa, na majani marefu yakitoka juu ya maji, na mbingu nzima imelala chini humo. Ndege weupe waliinuka mbele yetu kundi zima, wakatua, wakainuka tena. Sheshe, wale swala wekundu wa bonde, walisimama juu ya vichuguu maji yakiwa yamewazunguka, wakatutazama bila haraka. Viboko walikoroma mahali tusipopaona. Nilisema, "Ee Mungu wangu, kumbe ulikuwa na haya yote na hukuniambia?"

Gaspari hakugeuka hata mara moja. Lakini alisema, kwa sauti ya adabu, "Shemeji, mwambie mama asitie mkono majini. Kuna mamba."

Paskalina akasema, "Mama, shemeji anasema usitie mkono majini, kuna mamba."

Mtumbwi wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kitanda changu! "Nimesikia," nikasema.

"Shemeji, mama amesikia," akapeleka Paskalina mbele.

Nilitaka kucheka, nikashindwa, maana wao hawakuona kitu cha kuchekesha. Jua lilipokuwa kali Gaspari alisimamisha mtumbwi kwenye kivuli, na akapitisha kibuyu cha maji nyuma juu ya bega lake bila kutazama. Siku nzima ile, mtu aliyetaka kumfukuza mwanangu alinihudumia kama malkia. Heshima si utumwa, tunasema, nami nilikuwa nasema tu bila kuijua.

Tulifika jioni. Nyumba yao iko juu ya ardhi iliyoinuka, na mama yake Damiani, bibi kizee mwenye mikono migumu, alinikumbatia tukamlilia marehemu pamoja. Wajukuu walijificha nyuma yake. Walinizoea kwa sababu ya vitumbua, maana siku ya pili niliomba mchele wao nikauloweka, nikatwanga. Paskalina alinipandisha kwenye dungu, jukwaa la miti wanalokaa kulinda ndege, akanionyesha shamba. Maji yalikuwa chini, mpunga juu ya maji, kijani mpaka karibu na milima. Majirani waliopita na mitumbwi walimwamkia, "Habari za hapo, mke wa Damiani?" naye akawaitikia bila kufikiri.

Siku yangu ya kuondoka ilipokaribia, maneno ya Mwamvua yalinijia kinywani. "Mwanangu," nikasema, "mumeo hayupo. Funga mizigo, chukua watoto, twende nyumbani. Kwetu wana ukoo, hawatakosa jina."

Alinitazama kwa mshangao kabisa, bila hasira. "Mama, umetoka Kimamba kuja kuniambia mimi ni mke wa hapa. Hakimu amesema, wazee wamesema. Sasa niende wapi?"

Nikaenda kufunga mizigo yangu peke yangu.

Nilipoondoka, mama mkwe wake alinipa jogoo mkubwa amefungwa miguu. Paskalina hakuweza kuja, mtoto mmoja alikuwa na homa. Nikawaza, sasa itakuwaje, tuko wawili tu mtumbwini na hakuna wa kutupelekea maneno? Gaspari akakaa mbele, mimi nyuma kabisa, jogoo katikati. Mto ulituchukua wenyewe, kazi ya Gaspari ilikuwa kuelekeza tu.

Baada ya kitambo nikasikia, "Jogoo, mwambie mama ajifunike kanga. Jua litamwumiza."

Nikatazama huku na huku. Kisha nikaelewa. "Jogoo," nikasema, "mwambie mkwe ahsante."

"Jogoo, mwambie mama shamba nitamsaidia shemeji kulima. Na wale ni watoto wa kaka. Asilale na wasiwasi."

Hapo ndipo moyo uliponipasuka. Niligeuka nyuma, nyumba ilikuwa imekwisha kumezwa na majani, na Paskalina aliyesimama ukingoni sikumwona tena. Nikalia. Sikulia machozi ya barazani ya kuonyesha watu, nililia kama mtoto, kwa sauti, katikati ya maji yale makubwa, na ndege wakaruka. Gaspari hakuweza kugeuka. Hakuweza kunishika mkono wala kuniambia neno, na jogoo hakupewa ujumbe wowote. Alichofanya ni kuinua kafi yake akailaza magotini, akauacha mtumbwi uelee taratibu, mgongo wake umenyooka mbele yangu, akangoja. Aliponisikia nimenyamaza, akaishika tena.

Tangu nirudi mnanijia jikoni mnaniuliza kama ni kweli nilimshinda mtu barazani bila kufungua mdomo. Ni kweli, nilishinda. Paskalina ni mke wa watu, imeandikwa Ifakara, na wajukuu wangu wana jina la baba yao. Ndiyo sababu mmeniona nimeshuka kwenye lori na jogoo peke yake.